Kiganja cha Mohinder

"Watapeana wakati wa busu," sauti ilisema.

"Busu gani, Mzee?"

"La kwenye filamu. Wembley, saa tisa mchana. Muuzaji na mnunuzi hawajuani. Busu likianza, muuzaji ananyanyuka, anaacha gazeti kitini. Mnunuzi analichukua."

"Ndani mna nini?"

"Majina tisa. Watu wetu walioko ng'ambo ya Ruvuma, kwa Mreno. Matar... la nne ni la dada yako."

Simu ikakatwa.

Matar alikuwa na miaka thelathini na goti la mzee wa sabini. Miaka saba ya ujasusi, na London mvua inanyesha tangu Jumatatu. Alichoka jamani, alichoka mpaka kucha. Lakini dada yake, Zuwena, ndiye aliyemlea.

Akaangalia risasi za bastola yake, Walther, akapanda basi.

Ukumbi wa sinema ulijaa. Familia za Kihindi zilizotoka Afrika Mashariki ziliukodi kila Jumapili, na leo zilikuja na bibi zao, thermos za chai na watoto wanaojibu Kiingereza. Filamu ilikuwa ya Waingereza, ya mara tu baada ya vita: fundi wa kiwanda cha meli anampenda binti wa tajiri mwenye kiwanda. Baba mtu hataki. Saa nzima ya nyundo na machozi.

"Mpe kijana mke, we mzee!" mama mmoja alifoka.

Hatimaye fundi akamshika binti mkono chini ya meli mpya. Nyuso zikasogeleana.

Matar akashika bastola.

Giza.

Kivuli cha kiganja kilifunika pazia zima. Kilipoondoka, meli ilikuwa imeshateremka majini na watu wanapunga kofia.

Lahaula! Hakuna busu, hakuna gazeti. Sasa atawajuaje?

Filamu ikaisha. Taa zikawaka, watu wakatoka wakicheka.

Wawili hawakutoka.

Safu ya saba, karani wa ubalozi wa kwao aitwaye Zulfikar, gazeti kalibana kifuani. Safu ya kumi na mbili, Mzungu wa koti la kijivu, anatazama saa yake. Wote bado wanasubiri busu.

Matar akakaa kando ya Zulfikar.

"Limeshapita. Lete."

Zulfikar, mjinga wa watu, akampa.

Mzungu akainuka, mkono kotini. Walther ilikuwa imeshamwelekea.

"Kaa, bwana. Tabasamu."

Kamera yake ndogo ya Minox ikalia mara mbili. Jasusi aliyepigwa picha hana kazi tena. Mzungu aliondoka, na Zulfikar akapakiwa kwenye gari la Morris la vijana wa Mzee lililokuwa likingoja nje.

Matar akafungua karatasi. La nne: Zuwena. Akaichoma yote kwa kiberiti chake cha Ronson.

Mohinder, Kalasinga mwonyesha filamu, akashuka ngazi akipangusa mikono.

"Busu umelifunika kwa kiganja," Matar alisema.

"Humu mna mabibi, bwana! Miaka kumi na tisa nimefunika Kisumu, leo niaibike Wembley? Kama unalitaka, panda juu nikurudishie mkanda."

Matar akakumbuka sinema ya Unguja, onyesho la wanawake, yeye mtoto kapakatwa na Zuwena. Kila kiganja kilipotokea alimuuliza dada wanafanya nini, na dada alikuwa na jibu lile lile.

"Asante, Sardar. Najua walichofanya."

"Nini?"

"Walikuwa wakisomeana dua."

Akainua kola ya koti, akatoka mvuani akichechemea.