Jaribio la Arobaini na Moja

Walikutana kwenye lifti iliyojaa watu asubuhi: binti fundi wa kompyuta, gauni la kijani, amekumbatia mashine kubwa, na karani wa stoo aliyemwambia, "Dada, hebu nikupokee huyo mtoto." Binti akacheka. Tangu siku hiyo wakaitana Fundi na Karani, na simu hazikuisha.

Mashine ile ilikuwa seva mpya ya barua pepe za kampuni. Ikikubali, Fundi anaajiriwa.

Basi Jumamosi moja Karani alisubiriwa kwa kina Fundi, ajitambulishe kwa baba. Mzee alikaa na viatu miguuni mpaka jioni. Karani hakutokea. Mwanamume mzima, shati limepigwa pasi, miguu ikagoma, akazima simu. Jumatatu alipoulizwa, ulimi ukamponza: alipata dharura, akamwandikia barua pepe kwenye anwani yake mpya ya kazini, kwenye ile seva, kwani haikufika?

Njia ya mwongo ni fupi, ila Fundi aliamini. Kama barua ya Karani imepotea, basi seva inapoteza barua. Akaenda mwenyewe kumwambia meneja. Meneja akampa hadi Alhamisi saa sita mchana awe ameitengeneza. La sivyo ataitwa fundi mwingine.

Jumanne Karani alitaka kusema, akameza. Jumatano vilevile. Kila akimwona anapita na waya shingoni, moyo ulimsuta.

Alhamisi saa tano alimpelekea chai. Alimkuta macho mekundu, amejitumia barua arobaini za majaribio, na zote zimefika.

"Yako tu ndiyo siioni," alisema Fundi. "Kumbukumbu za seva zinasema hukutuma kitu. Wewe unasema ulituma. Kwa hiyo zinadanganya, na sijui kwa nini."

Karani aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akaweka chai chini.

"Hazidanganyi, mpenzi. Sikutuma. Nilimwogopa baba yako, halafu nikakuogopa wewe."

Fundi hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alimpigia meneja akamwambia seva ni nzima, kosa ni la mtumiaji. Kisha akamsogezea Karani kibodi.

"Iandike. Yote."

Aliandika kwa kidole kimoja: uongo wake tangu mwanzo, kwamba anampenda, kwamba hastahili kusamehewa. Akatuma. Simu ya Fundi ikalia hapo hapo. Alisoma mara mbili, akajifuta machozi.

"Imefika," alisema. "Jumamosi baba yupo nyumbani. Usiandike, Karani. Njoo."