Vyuma vya Majamvi

Jua likichomoza tu, Mwanakhamis huwa uani kwake kijijini Ole, anatandika majamvi. Karafuu zilizochambuliwa hazina subira. Zikichelewa kuanikwa huvunda na kuharibika rangi. Upepo ukiyainua majamvi, yeye huyakandamiza kwa vyuma viwili virefu vyenye minyororo.

Vyuma hivyo vilikuja na tela. Mumewe, Matano, alilinunua pamoja na pikapu kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Mzungu alieleza kazi ya vyuma, lakini alieleza Kizungu, tena mbiombio. Matano akasema ni vipuri tu. Mwanakhamis akaona vipuri visikae bure.

Basi majamvi yalitulia. Lisilotulia lilikuwa tela.

Likiwa tupu lilikwenda vizuri. Likipakiwa karafuu, pua ya pikapu ilinyanyuka na nyuma ikashuka. Usukani ukawa mwepesi mno. Siku moja, kwenye mteremko wa kwenda Gombani, Matano alikata kona na gari halikukata. Liliingia shamba la muhogo la watu. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini magunia ya jirani yalipasuka, na habari ilifika barazani kabla Matano hajajitoa kwenye muhogo.

Habari hiyo ilimchoma zaidi Mwanakhamis. Yeye ndiye aliyemsemea mumewe kwa baba yake, Mzee Mmanga, ili karafuu za mzee zipelekwe ghalani mjini Chake kwa tela. Mzee Mmanga alipakia gari la ng'ombe tangu ujana wake, na kumshawishi haikuwa kazi ndogo. Sasa alikuja, akanywa kahawa yake taratibu, kisha akasema lake.

"Mwanangu, mie sina ugomvi na mumeo. Lakini karafuu zangu zitakwenda na ng'ombe. Ng'ombe namjua."

Mwanakhamis alimpokea kikombe. Alijua kwamba baba yake akikataa, Ole nzima itakataa. Neno lake yeye litakuwa limeanguka pamoja na magunia yale.

Matano alikwisha kukata tamaa. Alitaka kuliuza tela. Mkewe alimwambia asiuze kitu asichokijua, amwite kwanza Nyange. Nyange alikuwa jirani yao. Wazee wake walitoka bara, na yeye mwenyewe aliendesha magari yenye matela miaka mingi katika mashamba ya mkonge huko Tanga. Matano aliona haya kidogo kwenda kuuliza, lakini alikwenda.

Nyange alikuja, akaamkiana na watu wa nyumba, kisha akalala chali chini ya pikapu. Alitazama pale tela linapofungwa. Alipotoka alikuwa na swali moja tu.

"Hapa pana matundu mawili matupu. Tela hili lilikuja na vyuma viwili vya springi. Viko wapi?"

Matano alikuna kichwa. Mwanakhamis alinyoosha kidole kwenye majamvi. Nyange alicheka hata akakaa chini.

"Bi Mwanakhamis, umevipa kazi njema," alisema. "Lakini si kazi yao."

Mwanakhamis naye alicheka. Halafu akamwomba asianze kwanza. Alitaka baba yake awepo, aone kwa macho yake. Mzee Mmanga aliitwa, akaja na bakora yake, akasimama mbali kama mtu anayepita njia.

Pikapu ilisimamishwa mahali pa sawasawa, peke yake. Nyange alitaka ufito wa kupimia. Ufito haukuonekana. Mwanakhamis alimwendea baba yake, akainyooshea mkono bakora, na mzee akaitoa shingo upande. Waliisimamisha chini, mbele ya gari. Pale yalipofika madigadi ya mbele, Mwanakhamis alitia alama ya mkaa kwenye bakora.

Kisha wakapakia. Matano alianza kurundika magunia yote mbele ya tela, kama alivyozoea, maana aliogopa ya nyuma yasidondoke njiani. Nyange alimzuia. Alieleza kwamba uzito ukijaa mbele, huikandamiza nyuma ya gari. Ukijaa nyuma, tela huyumba huku na huku na kulivuta gari. Magunia mazito yakae juu ya magurudumu ya tela, mbele pazidi kidogo tu, kisha yafungwe kamba yasihame. Wala tela lisipakiwe kupita uwezo wake wala uwezo wa gari.

Walipolifunga tela, wakapima tena. Madigadi yalikuwa yamepanda juu ya alama.

"Unaona?" Nyange alimwambia Matano. "Mbele kumekuwa kwepesi. Magurudumu ya kukatia kona hayakamati chini. Ndiyo maana ulikwenda kuchimba muhogo wa watu."

Mzee Mmanga alisogea. "Hata ng'ombe ni vivyo hivyo," alisema. "Ukipakia vibaya, ama nira yamkandamiza shingo, ama yamnyanyua."

"Ndivyo, mzee. Weye wayajua haya kabla yangu."

Mzee hakurudi tena kule mbali.

Nyange alivichomeka vyuma kwenye matundu yake, kimoja kila upande. Aliinyanyua kwa jeki ile sehemu gari na tela yanapoungana, ili minyororo ivutike bila nguvu nyingi. Akaivuta juu, akaitundika kwenye kulabu za tela, pete za mnyororo sawasawa kulia na kushoto. Alionya kwamba chuma kikivutwa huwa na nguvu, kwa hiyo mtu asiweke uso wala mkono karibu bila jeki. Jeki ilipotolewa, vyuma vilijipinda na kuusambaza uzito. Mwingine ulikwenda magurudumu ya mbele ya gari, mwingine ulirudi kwenye tela.

Mwanakhamis alipima. Madigadi yameshuka, lakini bado kidogo. Wakatia jeki tena, wakakaza pete moja kila upande. Nyange alisema wasikaze kupita kiasi, maana nyuma nako kutakuwa kwepesi na magurudumu yatateleza. Mwanakhamis alipopima mara hii, madigadi yaligusa mkaa.

"Baba, njoo utazame bakora yako," alisema Mwanakhamis. Sauti yake ilijaa fahari, wala hakuificha.

Mzee Mmanga aliinama, akatazama sana. Kisha akaagiza magunia yake yaletwe, yapakiwe badala ya yale ya kujaribia.

Walipakia upya, wakapima upya. Mzee alipanda mbele, kofia yake sawasawa, mikono miwili imeshika mlango. Matano aliendesha polepole, akasimama baada ya mwendo mfupi kukagua minyororo, kamba na matairi. Kwenye kona ya muhogo gari lilikata kama lilivyoambiwa. Mzee aliuachia mlango, akaweka mikono mapajani.

Ghalani Chake watu waliuliza tela lile la nani.

"Letu," alijibu Mzee Mmanga. "Mwanangu ndiye anayelipima."

Jioni Matano alimpa mkewe maneno hayo kama yalivyo. Mwanakhamis alimtaka ayarudie, naye akayarudia.

Asubuhi yake alitoka uani na majamvi kwapani, akakuta gari la ng'ombe limesimama. Baba yake alikuwa akishusha mawe, anayapanga pembeni.

"Majamvi tia mawe, mwanangu," alisema. "Vile vyuma vina safari."