Usigeuke, Yaya

Asubuhi ile Albertine alikunywa chai ya rangi uani kwa Mumba, akacheka na mke wa mwenyeji wake kwa ajili ya jogoo aliyemfukuza mumewe Symphorien kila alipotoka nje. Nani angedhani kwamba mwanamke huyu ametoka Elisabethville kwa kamyo ya mizigo, akapita vizuizi vya magendarme, askari wa Katanga, njia nzima, kuja Mitwaba kutafuta mifupa ya mdogo wake?

Mdogo huyo aliitwa Kapya. Katanga ilipojitenga na Kongo aliingizwa ugendarme, akaletwa huku kupigana. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Walichoweza kumweleza mama yake, pale nyumbani mtaani Naviundu, ni kwamba adhuhuri moja wakiwa juu kwenye uwanda wa mawe, Kapya alisikia mtu akimwita. Akaweka bunduki chini. Akaitika. Akaenda.

Mama alikataa kabisa kuweka matanga. "Sitamulilia muntu mwenye sikuone maiti yake," alisema, na kila jioni akampakulia Kapya bukari, ugali wa kwao, ikapoa, ikamwagwa. Albertine hakuweza tena kuvumilia kuitazama ile bukari ikipoa.

Mumba alikuwa mlinzi wa mbuga yenye uwanda ule kabla ya vita. Zamani alikuwa akiwapandisha wageni kuyaona mawe, wakipiga picha na kushangaa. Sasa hakukuwa na wageni wala mshahara, lakini aliwahurumia mke na mume hawa, akachukua panga lake, wakapanda.

Huko juu hakuna mti. Mchanga mweupe unatandaa hadi macho yachoke, na juu yake mawe yamesimama. Upepo umeyala kutoka chini, hata yamebaki na shingo nyembamba na vichwa vikubwa. Mengine yameinama kama wanawake waliobeba watoto mgongoni. Albertine alisikiliza ndege. Hakusikia hata mmoja.

"Makatazo iko mbili tu," Mumba alisema. "Usiikale mu kivuli ya jiwe, hata jua ikuchome namna gani. Na muntu akikuita jina, usiitike mpaka umuone na macho."

"Na bale wageni ulikuwa unaleta, ulibaambia?" Symphorien aliuliza.

"Nilibaambia." Mumba alitema mate pembeni. "Si bote balisikia."

Akawasha moto mwanzoni mwa uwanda, akatupia majani mabichi aliyopanda nayo, ili moshi uwaonyeshe njia ya kurudi. Kisha wakatawanyika, kila mmoja na upande wake, macho chini.

Albertine alitafuta kwa muda mrefu. Kifungo cha shati kingetosha. Ukanda ungetosha. Jua lilipanda likakaa utosini, mchanga ukamchoma kupitia viatu. Alijua kabisa alichokatazwa. Lakini mbele yake palikuwa na jiwe pana, na nyuma ya jiwe kivuli, na kivuli kile kilikuwa baridi kama chumba kilichofungwa. Kidogo tu, alijiambia. Akaketi, akaegemea.

Wakati wa adhuhuri kama ile, jiwe halina kivuli kirefu hivyo. Hilo alilifikiria akiwa ameshaketi.

Jiwe lilikuwa na joto. Si joto la jua. Lilikuwa laini kidogo, na lilipanda na kushuka, taratibu, kama mgongo wa mtu anayepumua.

Utotoni, Albertine na Kapya walizoea kuketi hivi, mgongo kwa mgongo, wakimenya karanga, Kapya akimwita yaya, kama aitwavyo kwao ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume. Alijua mifupa ya mabega yale.

"Kapya?" alinong'ona.

"Yaya. Usigeuke."

Sauti ilitoka karibu na sikio lake. Ilikuwa kavu.

"Ni weye kweli?"

"Usigeuke. Niko na kiu."

Albertine alifungua chupa yake ya maji, akaipitisha juu ya bega bila kutazama. Ikachukuliwa. Alisikia koo likimeza, likimeza, bila kupumzika. Kisha chupa ikarudishwa mkononi mwake, tupu.

"Twende nyumbani," alisema huku machozi yakimtoka. "Mama anakungojea. Nipe mukono, nitakuvuta."

"Siko peke yangu, yaya. Tuko bengi. Bote banataka mayi."

Ndipo alipotazama mchanga mbele yake. Vivuli vya mawe mengine vilikuwa vimegeuka. Vyote vilimwelekea yeye. Kimoja kilikuwa kimeshafika kwenye ncha ya kiatu chake.

"Albertine!"

Ilikuwa sauti ya Symphorien, upande wa kulia. Akafungua kinywa.

"Usiitike," mgongo ulisema. "Ile sauti haiko ya bwana yako."

"Albertine!" Sasa upande wa kushoto. Sauti ile ile. "Albertine, kuya!" Sasa mbele. Sasa pande zote.

"Simama," Kapya alisema. "Fuata moshi. Usinitazame."

Alitaka kugeuka. Shingo yote ilimvuta. Kugeuka mara moja tu, aone uso, amshike. Mgongo ule ulikuwa unatetemeka ulipogusana na wake.

Akasimama. Baridi ikampiga mgongoni pale palipokuwa na joto.

Akatembea. Mwito ulimfuata. Wa mumewe. Kisha wa mama yake. Kisha wa mtoto mdogo asiyemjua, akilia jina lake. Alikaza meno, akatazama moshi, moshi tu.

Symphorien alikuwa ameketi kando ya moto pamoja na Mumba. Aliruka, akampokea mikononi.

"Uliniita?" Albertine aliuliza.

"Hata mara moja. Yaya Mumba alinikataza."

Walirudi Elisabethville. Albertine alimwambia mama yake jambo moja: "Nilimusikia, mama. Hatarudi."  Mama akaondoa sufuria ya bukari motoni, akaenda kwa jirani kuomba wembe wa kunyolea kichwa kwa msiba. Matanga yakawekwa, watu wa Naviundu wakaja, Kapya akaliliwa kama anavyostahili mtu.

Lakini kuna jambo ambalo Symphorien aliambiwa na Mumba, asimwambie mkewe hadi uzeeni. Siku ya kuondoka Mitwaba, alfajiri, Mumba alipanda uwandani na mtungi wa maji, kwa sababu Albertine alimsihi. Alifuata nyayo zake hadi mahali pale. Mchangani palikuwa na alama za watu wawili walioketi mgongo kwa mgongo. Kutoka alama moja, nyayo za Albertine ziliondoka. Kwenye ya pili hakukuwa na unyayo ulioingia wala uliotoka, na mchanga wake ulikuwa umelowa.

Mumba aliinua macho alitafute lile jiwe. Palikuwa peupe tupu, pande zote, umbali wa kurusha mshale.