Jeli Aliyoiogopa Nasri

— Nasri! Unafanya nini?

Nasri alishtuka, birika mkononi. Maji ya moto yalikuwa yanatiririka kwenye trei za jeli ya ngozi ya samaki sangala, magamba ya kaa na mshubiri, ile dawa ya kufunikia vidonda aliyohangaika nayo pale maabara ya Gungu. Jeli ikawa inayeyuka. Maskini Ziada, mchumba wake, aliyekuwa amesimama mlangoni! Kila mara anaambiwa imeharibika yenyewe, naye anasubiri ndoa, maana Nasri aliapa haoi mpaka ikamilike.

Ziada akairukia trei ya mwisho kuiokoa. Maji yakammwagikia mkononi.

— Yalaa!

Nasri akamkimbiza bombani. Maji baridi yalisaidia, lakini ngozi ilishababuka.

— Kumbe mharibifu ni wewe! Kama hunitaki si useme?

— Nakutaka, Ziada. Namwogopa Mwanvua.

Mwanvua alikuwa mkewe. Jiko lilimlipukia kule Katubuka, akafa kwa majeraha. Nasri ndiye aliyekuwa akimbandua bandeji ya gozi iliyogandia kwenye nyama mbichi.

— Bado namsikia: "Nasri, niue tu nipumzike." Humu ndani, mchana kweupe! Nikiikamilisha hii, ataniuliza ilikuwa wapi wakati wake.

Ziada nywele zilimsisimka. Hata hivyo akanyoosha mkono.

— Nibandike mimi.

— Haijaruhusiwa kwa watu!

— Na kunichoma je, uliruhusiwa? Bandika bwana!

Akabandika kipande kutoka ile trei ya mwisho.

Siku ya kuibandua ilipofika, Nasri aliishika kwa ncha za vidole, midomo ikisoma dua. Aliivuta kidogo, akasimama, akasikiliza. Akavuta tena. Jeli ikatoka yote, wala haikung'oa ngozi.

— Imeuma?

— Wala.

Nasri akakaa sakafuni, akalia kilio ambacho hakukilia hata msibani. Kisha akamwandikia mama yake Mwanvua:

"Shikamoo mama. Dawa imekamilika. Naomba ruhusa nioe."

Jibu halikuchelewa:

"Marahaba baba. Ruhusa nilikupa siku ya arobaini, mbele ya watu wote. Hukunisikia, ulikuwa unamsikiliza marehemu."

Ziada aliusoma ujumbe, machozi yakamtoka. Mwanamke mwenzake amelala kaburini, na yeye anaogopa hata kufurahi. Akamshika Nasri bega.

— Mwanvua tutamwombea dua pamoja. Lakini leo nisikilize mimi niliye hai. Tuma mshenga kwa baba.