Marehemu Alifungua Mlango

Siku ile mjinga alikuwa Lokendra, na tusimtafutie wa kusaidiana naye. Mtu gani anavaa nyeupe tupu ya msiba wakati watu wananunua nguo mpya za sikukuu ya Dashain, anakumbatia mfuko wa machungwa, na ndani ya teksi anajizoeza kulia?

Lakini msimcheke bado. Mwenzenu alikuwa amejipanga. Wakati Kathmandu nzima inagombania mabasi ya sikukuu, yeye tiketi mbili za kwenda kwao Dharan alishazikata mapema, viti vya mbele kabisa, maana mpenzi wake Prativa akikaa nyuma kona za milimani humtapisha. Tangawizi alishaimenya. Ndimu zipo, mito ya shingo ipo. Na mama yake alishaambiwa: mwaka huu mkwe anakuja, mpake mwenyewe tika, ile alama nyekundu ya baraka za sikukuu. Msichana akishapakwa tika na mama yako kwenye paji la uso, ukoo mzima unatazama, hakuna tena habari za "tunajuana tu".

Jana yake, Prativa akapiga simu.

"Loke... Baba Mkubwa amefariki."

"Yupi? Yule wa Baneshwor?"

"Huyo huyo. Ukoo mzima tuna msiba, hatugusi tika mwaka huu. Nenda peke yako, mpenzi."

"Niende wapi? Nakuja tulie wote."

"Usije! Wafiwa hatugusani na watu, si unajua?"

Ukafuata ujumbe: "Usikose basi kwa ajili yangu. Kiti changu mpe mtu. Nakupenda."

Mwenye akili angesoma "usije" akaelewa usije. Lokendra alielewa njoo. Basi ni la jioni, akaona asubuhi apite kwanza kutoa mkono wa pole.

Akabisha hodi Baneshwor, kwa huyo baba mkubwa, ambako Prativa alikuwa akiishi. Mlango ukafunguliwa na mzee mnene, kofia mpya kichwani, kamba ya mbuzi mkononi.

"Namaste, Baba. Nimekuja msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wa baba mkubwa wake Prativa."

Mzee akageuka nyuma, kama anayemtafuta mtu huyo.

"Baba mkubwa wake Prativa ni mimi."

Mfuko ukamponyoka Lokendra. Machungwa yakashuka ngazi yakikimbizana, mbuzi akayafuata akivuta kamba.

"Nimekufa lini, mwanangu? Maana chai nimekunywa vizuri tu."

"Jana, Baba. Prativa ndiye aliyeniambia."

"Prativa!" mzee akaunguruma. "Hebu njoo umwone marehemu wako anavyosimama!"

Prativa akatoka. Nguo nyekundu, bangili mpya, uso umepambwa. Nyuma yake kijana amembebea sanduku, ufunguo wa gari unaning'inia kidoleni.

"Loke? Si nilikwambia usije?"

"Huyu nani?"

Kijana akajibu mwenyewe. "Sujan. Mchumba wake. Na wewe, kaka, ni nani?"

Lokendra akaitazama suruali yake nyeupe.

"Mimi? Mimi ni mfiwa."

"Loke, usinifanyie fujo," Prativa akanong'ona. "Kwani ulinioa?"

"Mama yangu anakusubiri, Prativa. Ukoo mzima unajua unakuja."

"Sikumwambia anisubiri. Na Sujan ana gari, nitafika kwao bila kutapika."

"Miaka yote hiyo mimi ndiye nakushikia mfuko wa kutapikia!" Sauti ilimkatika Lokendra, na safari hii hakuwa anajizoeza. "Nakushika nywele, nakufuta mdomo. Kumbe mkono wako mwingine ulikuwa umemshika nani?"

Sujan akaweka sanduku chini taratibu.

"Ngoja kwanza. Loke? Huyu ndiye Loke anayepiga simu kila usiku? Si uliniambia ni kaka yako wa ukoo?"

"Sujan, nitakueleza njiani."

"Njiani wapi? Mimi unaniua lini? Kabla ya sikukuu au baada?"

Prativa akaanza kulia, na wanja ukaanza kushuka.

"Ningefanyaje? Ukweli ungemuumiza! Nilidanganya kidogo tu, ili asafiri kwa amani, asiwe na mawazo njiani!"

"Amani?" Lokendra akasema. "Tangu jana namlilia mtu ambaye yuko sokoni anapatana bei ya mbuzi!"

Mzee akakohoa, akatazama pembeni. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, au chozi. Kwa uso ule usingejua.

Prativa akamgeukia, akamshika miguu.

"Baba Mkubwa, yaishe, njia zitajaa magari. Wewe ndiye mkubwa wetu. Ukitupaka tika mimi na Sujan, nani atathubutu kusema neno tena?"

Mzee akaitoa miguu yake mikononi mwa Prativa, akavuta kamba ya mbuzi.

"Mwanangu, umeona wapi maiti akimpaka mtu tika?"