Bibi Harusi Chini ya Kitenge Nilikuwa Mimi

Asubuhi ile nilitoka nyumbani kwa shangazi yangu na mkoba mmoja, bila kujua ninakokwenda. Nina miaka thelathini na moja. Nimeishi Brussels tangu utotoni, na wasomaji wenzangu, naomba mnielewe mapema: mimi si mtu wa kutulia. Shule niliiacha mapema, kwa sababu kila nilipokaa darasani nilikuwa nawaza treni inayopita nje inakwenda wapi. Nimesuka nywele kule Matonge, mtaa wetu Wakongo wa Brussels, nimeosha vyombo, nimefua mashuka ya hoteli, nimeuza samaki wa chumvi. Kila kazi nilitaka kujua inafanywaje, na nikishajua, naondoka.

Lakini asubuhi ile si udadisi ulionitoa nyumbani. Ilikuwa chuki!

Nilikuwa na mchumba. Nitamwita Trésor. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, kijana wa Likasi, kwetu Katanga ya Kongo, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Shule yake ilimpeleka India ya kusini kwa stage, yaani mafunzo ya kazini, katika kampuni inayofunga mitambo ya kupasha maji kwa jua juu ya mapaa ya nyumba za wageni. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuhamahama. Leo Chennai, kesho Madurai, baadaye Kochi.

Kila wiki alinitumia sauti yake kwenye simu. Alinisimulia kahawa inayomiminwa kutoka juu mpaka ikatoa povu, wanawake wanaouza maua ya asumini kwa kupima kwa mkono kutoka kidoleni hadi kiwikoni, minara ya mahekalu iliyojaa miungu ya rangi. Mimi nilikuwa nasuka kichwa cha mteja saluni, pale Chaussée de Wavre, nimeweka simu sikioni, na kwa akili yangu nilikuwa natembea naye kila mtaa. Nilimwomba niende kumtembelea. Nilikuwa hata nimeshapata viza. Akasema nisije... joto litaniua.

Joto! Kumbe lilikuwapo joto jingine.

Akiwa huko huko, ukoo wake uliamua kwamba umechoka kungoja. Kwetu Wakatanga mwanamume akiwa mbali, mahari inaweza kutolewa bila yeye, mdogo wake akasimama mahali pake. Mimi nilikubali. Nilifurahi hata! Sebule ya shangazi yangu, Maman Odette, ikajaa watu. Simu iliwekwa kwenye kiti cha bwana harusi, juu ya mto wa hariri, ili Trésor aone kila kitu kutoka India.

Mnajua desturi yetu. Wasichana watatu tulifunikwa kitenge kimoja kimoja, kichwa hadi magotini, tukaletwa mbele ya watu. Shangazi zake walipaswa kumtambua bibi harusi. Wakachagua vibaya makusudi mara ya kwanza, watu wakacheka, wakapiga picha na video. Mara ya pili nikafunuliwa, vigelegele vikapasua dari!

Mjomba wangu, Tonton Gaspard, akainamia kiti na kuiuliza simu kama ni mimi kweli aliyemtaka. Kabla Trésor hajajibu, sauti ya mwanamke ikasikika nyuma yake, tamu, yenye mazoea:

"Chéri, maji yako ya kuoga inapoa!"

Kwa Kiswahili. Kiswahili chetu cha Lubumbashi!

Simu ikakatika. Shangazi yake Trésor akacheka kicheko cha kulazimisha.

"Ni radio iyo."

"Radio gani ya India inasema Kiswahili ya Lubumbashi?" mtu mmoja akauliza kutoka mlangoni, na nusu ya wageni wakaficha midomo kwa viganja.

Mbuzi wa mahari akaliwa hivyo hivyo. Mimi nilikaa kando ya kile kiti chenye simu iliyozimika, nikitabasamu mbele ya kamera. Je, kuna aibu kubwa kuliko hiyo?

Jioni Trésor alipiga na kuniapia kwa jina la mama yake. Alisema kule kuna wanafunzi wengi Wakongo, wanapika jiko moja, dada mmoja alikuwa anamwita mtu mwingine. Nilitaka kuamini. Lakini sauti ile ilikuwa haimwiti mtu wa mbali. Ilikuwa inamwita mtu aliyekaa hatua chache tu kutoka kwake.

Baada ya siku nne nikaenda kwa Tonton Gaspard, maana kwetu neno la mahari ni la mjomba. Nikamwambia siitaki ndoa hii, warudishe vitu. Akanitazama kwa huruma, kisha akanikatisha tamaa.

"Mutoto wangu, mbuzi tulisha kula. Tutarudisha nini, mifupa? Sauti ya ndani ya simu haiko muntu. Uniletee muntu, njo tutasema."

Mnaona nilivyonaswa? Bila shahidi mimi ni mke wake mbele ya wazee wote. Hakuna mwanamume wa kwetu ambaye angekuja tena kugonga mlango wangu. Ningezeeka nikiwa mke wa kiti!

Basi nikauza vitenge vyote vya mahari yangu kwa wanawake wa Matonge, nikafunga mkoba, na asubuhi nikatoka. Nilisimama Porte de Namur, ukingoni mwa Matonge, nikiwa sina mpango wowote. Nipande basi gani? Niende nikalie kwa nani? Miguu ikanipeleka kituo cha treni, treni ikanipeleka uwanja wa ndege, na kesho yake nilikuwa Chennai, nimelowa jasho, nikiuliza njia kwa Kiingereza nilichojifunza kwa Wakenya jikoni.

Sikumwambia Trésor. Nilimwandikia kwamba ninaumwa mafua na niko kitandani.

Ofisi ya kampuni yake niliipata bila shida, maana alikuwa ameisifu kila wiki. Nikasema mimi ni ndugu yake. Msichana wa mapokezi akanikaribisha kwa kikombe cha maji na kunieleza, kwa furaha, kwamba nimechelewa kidogo tu. Trésor ameshakwenda Madurai kukagua mitambo. Na mke wake amekwenda naye!

Mke wake... Nilikunywa maji yale yote kwa pumzi moja.

Nikapanda basi la Madurai. Wasomaji, hasira yangu ilikuwa na macho. Nilikuwa nachemka, lakini sikuacha kuangalia. Basi liliposimama tule, niliuliza kwa nini watu wanakunja jani la mgomba, ambalo ndilo sahani yao, wakimaliza kula, na mama mmoja akanionyesha kulikunja kuelekea kwangu, maana kulikunja upande wa pili ni ishara ya msiba. Nikalikunja upande wa pili. Kwangu ulikuwa msiba!

Nyumba ya wageni ya Madurai, niliyoelekezwa na yule msichana wa mapokezi, ilikuwa ya mzee mmoja mwenye majivu meupe kwenye paji la uso. Akaniambia kwamba yeye hapokei mume na mke hivi hivi, ni lazima athibitishe wameoana, mtaa wake ni wa watu wa heshima. Nikamuuliza basi yule Mwafrika alithibitishaje. Mzee akatoa simu yake kwa fahari. Trésor alikuwa amempa nakala ya picha ya harusi.

Nikaangalia picha ile. Sebule ya Maman Odette. Wazee wamekaa. Na katikati amesimama bibi harusi aliyefunikwa kitenge cha ndege wa buluu, uso hauonekani; wale wasichana wengine wawili wamekatwa nje ya picha.

Nilijitambua kwa miguu. Vile viatu nilivinunua mwenyewe Chaussée d'Ixelles!

Mmeelewa alichofanya? Alichukua picha ya harusi yangu, ile ya kabla sijafunuliwa, akaifanya ufunguo wa vyumba alivyolala na mwanamke mwingine. Chini ya kitambaa kile mwanamke yeyote angeweza kusimama. Kila mwenye nyumba aliiangalia na kumpongeza. Mimi ndiye niliyewafungulia milango, tangu siku ile ya mahari, nikiwa nimefunikwa!

Nilicheka. Nilicheka mpaka yule mzee akaogopa na kuniletea kahawa. Na nilipomaliza kucheka, akaniambia wameshaondoka kwenda Kochi, na nyumba watakayofikia, nami nilikuwa najua nitakachofanya.

Kochi niliikuta kwenye mvua isiyo na mwisho. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mjane Mkristo, mnene, kila mtu akimwita Ammachi, yaani mama. Trésor na mwenzake walikuwa wametoka. Sikupiga kelele. Niliketi mbele ya Ammachi nikamwonyesha kwenye simu yangu video nzima ya siku ya mahari: wasichana watatu, kicheko, kitenge kinavutwa... uso wangu. Aliangalia video, akaniangalia mimi, akarudi kwenye video. Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akapanda ngazi mwenyewe, akashusha masanduku yao moja moja, akayapanga barazani mvua inakorushia matone.

Wakarudi mchana, wamejifunika mwavuli mmoja, wanacheka. Trésor aliponiona, mwavuli ulimponyoka.

"Aimée? We... unafanya nini huku?"

"Nimekuja kusikiliza radio."

"Bon, ngoja, chérie, nitakueleza..."

"Usinieleze mimi. Mweleze Ammachi. Ni yeye uliyemwonyesha miguu yangu."

Ammachi hakutaka maelezo. Alionyesha barabara kwa kidole.

Na mimi sikuishia hapo. Walipoburuta masanduku kwenda nyumba ya wageni ya pili, nilikuwa nimeshafika pale na video yangu. Ya tatu, Ammachi alikuwa ameshapiga simu. Ya nne, mwenye nyumba alisimama mlangoni na kunyoosha mikono kabla hawajapanda ngazi. Mtaa baada ya mtaa! Nilitembea mbele yao kwenye mvua nikifunga milango ile ile niliyowafungulia. Trésor alinisihi, akaniita majina yote ya mapenzi, mwisho akanitukana.

"Utaniharibia stage yangu! Uko mchawi?"

"Stage yako ni ya mapaa, si ndiyo? Lala juu ya paa."

Sitasema uongo ili mnipende. Nilifurahi. Wenye nyumba wakaiambia kampuni kwamba hawataki tena mtu huyo juu ya mapaa yao, na kampuni ikamrudisha bila cheti. Hilo pia lilinifurahisha, na linanifurahisha mpaka leo.

Nilikuwa nimesimama chini ya kibanda cha chai yule mwanamke aliponifuata, peke yake, amelowa chapachapa. Jina lake Francine, mwanafunzi wa uuguzi Bengaluru, mzaliwa wa Lubumbashi. Nilijiandaa kupigana.

"Dada," akasema, "ule wa chini ya kitenge, aliniambiaka ni dada yake. Eti tunaazima tu picha."

"Na weye uliamini?"

"Nilipenda kuamini."

Sikumkumbatia, msilitarajie hilo. Kulikuwa bado na sauti yake masikioni mwangu. Lakini nilikumbuka kwa nini nilikuja. Nilimpigia Tonton Gaspard nikaigeuza kamera.

"Tonton, uliomba muntu. Muntu ni huyu."

Mjomba akavaa miwani, akasogea mpaka uso ukajaza kioo.

"Weye ni nani, maman?"

Francine alinitazama. Angeweza kukimbia. Angeweza kumlinda yule mwanamume, na mimi ningerudi Brussels nikiwa mke wa kiti kama nilivyotoka. Akajifuta mvua usoni.

"Mi ni bibi yake, papa. Tangu mwaka uliopita. Siku ile ya simu, njo mimi nilikuwa namwita akaoge."

Tonton akavua miwani. Nyuma yake nilisikia mke wake akisema, nilikuambia, nilikuambia!

"Bon," akasema mwishowe. "Alors, itabidi tutafute mbuzi."

Vitu vyote vikarudishwa. Vitenge nilivyoviuza nilivisaka duka hadi duka Matonge mpaka vikatimia. Mbele ya wazee wa pande mbili Tonton alitamka kwamba mimi si mke wa mtu. Lakini Maman Odette hakunisamehe. Ukoo wa Trésor ni wa kanisa lake, na sasa hakuna anayekaa naye benchi moja.

"Ungemuachaka polepole," aliniambia, "pasipo kumuanika sawa nguo kwa kamba." Akaniomba nitafute pengine pa kulala.

Dada zangu mnaosoma haya, nimelipa ili ninyi msilipe. Msikubali kuozwa kwa mtu ambaye hayupo! Asiwadanganye mtu kwamba simu ina macho, kwamba mdogo wake anatosha, kwamba wazee wamechoka kungoja. Wazee wakichoka, wakalale. Mwanamume anayewataka aje asimame mbele ya watu, aulizwe, ajibu kwa kinywa chake, na watu wote wamwone anapojibu. Na mkisikia sauti, msiiite radio. Mimi niliiita radio siku nne nzima, kwa kuogopa kuwaharibia watu sherehe!

Na kama kuna Trésor mwingine anayesoma hapa... tunajua kupanda ndege.

Nilipotoka kwa shangazi nilipanda metro nikashuka Koekelberg, mtaa ambao nilikuwa sijawahi kukanyaga, nikijua tu lile kuba la kanisa kubwa linaloonekana kutoka mbali. Nikauliza dukani, nikaelekezwa kwa Maman Zaina, Mrundi wa Bujumbura anayehudumia wazee mchana na kupangisha chumba cha juu. Alinionyesha kitanda, dirisha, jiko la pamoja.

"Utakaa muda gani?"

"Sijui, maman."

"Wote wanasema hawajui. Wa mwisho alikaa miaka tisa."

Tukashuka hadi mlango wa nje, pale penye kengele na vijina vidogo vya wapangaji. Akachomoa kikaratasi cha zamani, akashika kalamu.

"Niandike nani? Madame nani?"

Nikamtajia jina langu, lile nililopewa na baba. Akangoja kidogo, kalamu hewani, kama anangoja la pili, la mume.

"Ni hilo tu," nikamwambia.

Akaandika, akalisukuma chini ya kioo, akanipa ufunguo.