Vichwa Ishirini na Vinne

"Sawa kwa sawa ndiyo dhuluma yenyewe!" Bibi Vifungo alipiga meza kwa kiganja. "Mwenye mume mwenye duka apate cherehani kimoja, na mjane asiye na hata kigoda apate kimoja? Haki gani hiyo?"

"Tuhesabu miaka," Fundi akadakia. "Aliyeshona pale zaidi achukue kwanza. Vyerehani vile nimevitengeneza mimi. Najua kila kimoja kimevunja mgongo wa nani."

Shemeji akacheka. "Tuko wanne. Mnunuzi ninaye. Tunauza, tunagawana, kila mtu kwao. Nyie mnapanga wizi au mnaunda serikali?"

Saa nne na robo asubuhi. Chumba cha nyuma cha saluni iliyofungwa.

Mkasi aliwaacha wamalize pumzi. Alikuwa amekata vitambaa kiwandani miaka kumi na mmoja. Mpango wake aliuchora kwa chaki ya kukatia juu ya kitambaa cheusi, maana chaki hufutika kwa kiganja.

"Sikilizeni. Mwenye kiwanda alitumwaga watu mia mbili kwa tangazo la mistari mitatu. Leo saa tisa kontena linabeba mashine kwenda ng'ambo. Alianza na sita. Zilizobaki zimezaliwa na migongo yetu. Mimi siibi. Nahamisha."

"Waambie polisi hivyo hivyo," Shemeji akasema.

"Nitawaambia."

Kidole chake kikapita juu ya chaki. Fundi alikuwa ameitwa na mwenye kiwanda kufungua vichwa vya vyerehani kutoka kwenye meza zake na kuvipanga karibu na mlango wa mizigo. Saa saba mlinzi wa geti la nyuma huenda kula. Nusu saa. Vichwa ishirini na vinne, kila kimoja watu wawili. Lori la Shemeji, mume wa mdogo wake Mkasi. Vishukie kwa Fundi.

"Na mgao?" Bibi Vifungo akauliza.

"Baadaye."

"Baadaye ndipo watu huuana."

"Haya, bosi," Shemeji akasema. Alikubali upesi mno. Mkasi aliliona hilo, akalimeza.

Saa saba na dakika nane. Mlinzi alivuka barabara kwenda kula. Lori likaingia kinyumenyume. Fundi akafungua mlango wa mizigo.

Inua. Beba. Sukuma. Chuma kile kizito kiliwakata vidole. Bibi Vifungo hakuwa na nguvu za kubeba. Alitandika magunia ili vyuma visigongane. Kichwa cha kumi na tano kilimteleza Fundi, kikamwangukia mguuni. Aling'ata mkono wa ovaroli yake asipige kelele.

Saa saba na dakika ishirini na sita. Cha mwisho kikapanda. Fundi akajitupa nyuma kwenye magunia, Mkasi akapanda mbele. Kazi ya Bibi Vifungo ilikuwa moja: kurudisha geti, kisha apande.

Lori likatoka, likasimama nje. Mkasi akatazama kwenye kioo.

Bibi Vifungo hakuwa akirudisha geti. Alikuwa amesimama juu ya mstari wa njano, miguu imepanuka, mikono yote miwili juu. Anasubiri kupekuliwa.

Miaka ishirini na miwili, kila akitoka kazini, alisimama hapo mikono juu mpaka apapaswe kama ameficha uzi mwilini. Leo mpekuzi hakuwepo. Miguu haikujua.

"Bibi!" Mkasi akaita. "Panda!"

Bibi Vifungo akashtuka, akaishusha mikono kama aliyeamshwa. Mlinzi naye alikuwa amerudi mapema, kijiti cha meno mdomoni. Alimtazama yule mama, akalitazama lori, akapuliza filimbi.

Shemeji akakanyaga mafuta.

"Simama! Tumemwacha!"

"Mmoja kwa ishirini na vinne. Si wewe uliyesema wengi kwanza?"

"Sikusema hivyo!"

"Basi ndiyo maana yake, shemeji. Haki yako ina bei. Leo umeiona."

Maneno yale yalimchoma Mkasi. Wakirudi, mashine zinapotea. Wakiendelea, Bibi Vifungo anaozea ndani. Kisha akaona njia ya kwa Fundi ikipita upande wa kulia, na Shemeji hakugeuza hata shingo.

"Kwa Fundi ni kule."

"Mnunuzi anasubiri. Mimi nina watoto."

"Na wao hawana?"

Saa nane kasoro dakika kumi na saba. Mtaa wa washonaji. Gari la maji lilikuwa limeziba njia, wanawake waliofukuzwa kiwandani wamelizunguka na ndoo zao. Lori likasimama.

Mkasi akachomoa ufunguo wa lori, akashuka, akaufungua mlango wa nyuma kwa kishindo.

"Mwendawazimu wewe!" Shemeji akapiga kelele. "Mchana kweupe!"

"Ndiyo. Mchana." Akawageukia wanawake. "Vyerehani vyenu hivi! Shusheni!"

Ndoo zikaanguka. Fundi akatoa kichwa kwenye magunia, mguu umevimba. "Nani anapata, Mkasi? Kwa hesabu gani?"

"Waulize wao. Wanajuana."

Kelele zikapanda. "Mimi ninacho nyumbani, nirukeni!" "Mpeni mama mapacha!" "Huyo? Ana kaka mwenye hoteli!" "Kaka anampa nini, wewe? Mpe!" Walitukanana, wakacheka, wakabeba. Shemeji aliwazuia wawili wa kwanza. Wa tatu alimsukuma kwa nyonga, Shemeji akakaa chini matopeni.

Mkasi hakungoja kichwa cha mwisho kishuke. Akaurusha ufunguo mapajani mwa Shemeji, akarudi mbio njia waliyotoka.

Bibi Vifungo alikuwa kwenye benchi la mlinzi. Mlinzi alikuwa na simu sikioni.

"Mwache mama huyo," Mkasi akasema, akitweta. "Mpango ni wangu. Niandike mimi."

"Nani kakwambia urudi, mjinga wewe?" Bibi Vifungo akafoka, macho yamelowa.

Mlinzi akashusha simu. "Mashine ziko wapi?"

"Zimefika kwa wenyewe," Mkasi akasema. "Sogea, Bibi." Akaketi.